Kompyuta Imekufa, Daftari Li Hai

Baba yangu mdogo alifundisha shule za msingi maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akarudi nyumbani Isingiro, mkoani Kagera, akalima kahawa na migomba kama alivyolima baba yake. Alipofariki dunia aliacha shamba, baiskeli, kabati la vitabu, na kompyuta isiyowaka. Katika vitu hivyo vyote, kilichomkosesha mjane wake usingizi ni hicho cha mwisho.

Marehemu alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana. Wasomaji waishio mijini wanavijua vyama hivi, maana tumehama navyo kutoka vijijini hadi Temeke na Manzese. Kila kaya hutoa mchango wake wa mwezi, na siku ya msiba chama hununua sanda na mbao, huleta turubai, masufuria na sukari, bila kumwuliza mfiwa ana nini mfukoni. Daftari la karatasi la chama cha Isingiro lilipoliwa na mchwa, mzee aliapa kwamba hatamlisha mdudu yule mara ya pili. Akanunua kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya, akajifunza mwenyewe kupanga safu za majina na tarakimu, na kwa miaka mitatu hesabu zote za chama zikawa humo, wala si pengine popote.

Arobaini haijafika, minong'ono ilianza. Nani amelipa na nani hajalipa? Akiba ni kiasi gani? Mama mdogo aliombwa kwa adabu, kisha kwa adabu iliyopungua, alete daftari. Naye daftari alikuwa nalo, limelala ndani ya sanduku la bati lililogoma kuwaka.

Alinipigia simu Dar es Salaam jioni moja. "Mwanangu, kuna fundi mjini anasema akiipiga Windows itawaka, kwa shilingi elfu kumi na tano tu. Nimpe?"

"Shikamoo, mama. Tafadhali usimpe," nikamjibu. "Ifunike kwa kitambaa, mtu asiiguse. Ninakuja."

Ndugu msomaji, mimi si fundi. Lakini nilikwisha kuumwa na nyoka yule yule, na aliyeumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ongo. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yangu iligoma, nikaipeleka kwa fundi mmoja, nikarudishiwa jioni ikiwa inawaka kama mpya. Nayo ilikuwa mpya kweli kweli: haikuwa na barua yangu hata moja, wala picha ya harusi ya dada yangu, wala kazi niliyoiandika kwa muda wa mwaka mzima. Nilipomwuliza yule bwana vitu vyangu viko wapi, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema unataka iwake," akaniambia. Hakunidhulumu. Mimi ndiye niliyeomba kitu kimoja huku moyoni nikitaka kingine.

KIPI KIMEKUFA?

Kosa letu wengi ni kudhani kwamba kompyuta ni kitu kimoja, kama jiwe. Kumbe ni kama nyumba yenye vyumba. Upo mtambo wa kugawa umeme. Upo ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, unaobeba ubongo na njia zote za mawasiliano. Ipo kumbukumbu ya muda, ile inayosahau kila kitu umeme ukikatika. Na ipo diski, kisanduku kinachotosha kiganjani, ambamo maandishi yako yamekaa yakisubiri, umeme uwepo au usiwepo.

Basi kompyuta ikigoma kuwaka, mara nyingi aliyekufa si diski. Huenda ni mtambo wa umeme uliopigwa na radi. Huenda ni kumbukumbu ya muda iliyoshika kutu miguuni, ambayo hupona kwa kuchomolewa, kusuguliwa taratibu kwa ufutio wa shule na kurudishwa mahali pake. Huenda ni betri ndogo ya mviringo ya volti 3, mfano wa ile ya saa, inayoifanya mashine ikumbuke tarehe na mipangilio yake. Ikiisha nguvu, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na nyingine hushindwa hata kuitambua diski yake. Betri hiyo hupatikana madukani kwa bei ndogo, na kompyuta nyingi zimetupwa jalalani kwa ajili yake tu.

Yapo pia maradhi ya zile zilizotengenezwa mwanzoni mwa karne hii. Katika ubao mkuu husimama vikopo vidogo vya alumini viitwavyo kapasita, vinavyotuliza umeme usiyumbe. Katika miaka ile viwanda vingi vilitumia kapasita zenye dawa mbovu ndani, na baada ya miaka michache zikavimba vichwa na kuvuja. Kompyuta za mitumba zilizofika kwetu zilikuja na maradhi hayo tumboni.

Je, "kupiga Windows" kunafanya nini? Ni kuondoa mfumo unaoiendesha kompyuta na kuweka mwingine. Mara nyingi fundi huanza kwa kuifuta ile sehemu ya diski ambamo mfumo umekaa, na maskini, ndimo pia zimo nyaraka za mwenye nyumba, kwa kuwa wengi wetu huandika na kuhifadhi pale pale mashine inapotuelekeza. Hapo kwanza maandishi yenyewe hayajatoweka. Kilichofutwa ni orodha ya mahali yalipo, kama kuchana kurasa za mwanzo za kitabu zinazotaja sura. Lakini mfumo mpya unapoingia huandikwa juu ya yale ya zamani, na kilichoandikwa juu yake hakirudi. Tena, kama mgonjwa alikuwa ubao mkuu, hiyo Windows mpya isingeponya chochote.

MGENI ASIYEAMINIKA

Labda baadhi yetu tuliokulia zamani hatuna desturi ya kuizoea mashine hii, na sababu tunayo. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, uzito wake ulipata tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu zilipokuja kuvurugika, Serikali ikapiga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini kizazi kizima kilijifunza kazi za ofisi kwa taipureta, nakala ya kaboni na faili la jalada. Mzee wangu alikuwa wa kizazi hicho. Ajabu ni kwamba mtu aliyekuwa akiweka nakala tatu za kila barua kwa kaboni hakuweka hata nakala moja ya hesabu za kompyuta. Nadhani aliiamini kwa vile haikuwa karatasi, na mchwa hali chuma.

Nilishuka basi Omurushaka, wilayani Karagwe, nikashika gari ya kuelekea Isingiro. Wasomaji waliosoma jiografia zamani wataitafuta Isingiro katika Wilaya ya Karagwe. Siku hizi imo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, upande wa Kaisho na Murongo, kule ambako Mto Kagera unatutenganisha na Uganda. Ni nchi ya vilima, ya kijani kibichi, na ya radi.

Mama mdogo alikuwa ameifunika kompyuta kwa kanga, kama maiti. Baada ya salamu na machozi kidogo tuliiweka mezani. Nilikuwa nimempata kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyekuja na kompyuta yake ya mkononi. Kwanza tulichomoa waya wa umeme ukutani. Tukafungua skurubu za ubavuni, tukapuliza vumbi, na pale pale kijana akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kapasita nne karibu na ubongo zimetuna kama mandazi, moja imevuja maji ya kahawia yaliyokauka. Mgonjwa alikuwa amejulikana. Hatukuhangaika naye tena, kwani hatukuja kwa ajili yake.

Diski ilishikwa na skurubu nne na kebo mbili. Tuliitoa, tukaiweka juu ya gazeti kavu. Hapa nakuomba, ndugu msomaji, uangalie kebo yake kabla hujasafiri kama nilivyosafiri mimi. Diski za zamani hutumia kebo pana, bapa, yenye matundu 40. Zilizokuja tangu mwaka 2003 hivi hutumia kebo nyembamba. Adapta ya kuiunganisha diski na kompyuta nyingine kwa njia ya USB lazima ilingane na aina yake. Mimi nilinunua adapta ya kebo nyembamba, nayo ililingana. Lakini tulipoiunganisha, diski haikutoa sauti yoyote. Kimya kabisa. Mama mdogo alitoka nje, akaenda kusimama kati ya migomba.

Kijana ndiye aliyegundua. Diski ya kompyuta ya mezani ni kubwa kuliko ya kompyuta ya mkononi, na huhitaji umeme wa volti 12 ambao tundu la USB haliwezi kuutoa. Adapta yangu ilikuja na kitambo chake cha umeme, nami nilikuwa nimekiacha ndani ya mkoba nikidhani ni chaja. Tulipokichomeka ukutani ikasikika sauti ndogo, kama nyuki aliye mbali. Diski ilikuwa inazunguka.

Hatukutumia Windows kuifungua. Kijana alikuwa na flashi yenye mfumo mwingine, Ubuntu, unaotolewa bure tangu Oktoba 2004 chini ya kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mfumo huo una faida moja kubwa kwa kazi hii: unaweza kuiendesha kompyuta ukiwa katika flashi, bila kusakinishwa, bila kuandika kitu katika diski. Tena hauvitambui virusi vya Windows, na hausumbuliwi sana na zile kufuli ambazo Windows humwekea mtu asiye mwenye akaunti. Mtu aliyesahau nywila ya kuingilia kompyuta yake asikate tamaa. Nywila hiyo hulinda mlango tu, haifungi vitu vya ndani, isipokuwa kama diski yote ilifungwa kwa siri. Hapo pana kazi nyingine, na bila ufunguo wake hapana njia.

Tuliiamuru isome tu, isiandike. Katika diski za Windows ya miaka ile, mali ya mtu hukaa katika folda iitwayo Documents and Settings, na katika zilizofuata huitwa Users. Tulifungua, tukaliona jina la mzee. Kijana akaniachia kiti. Nilinakili folda yote kama ilivyo, bila kuchagua, kwenye diski mpya niliyokuja nayo, kwa sababu mwenye haraka ya kuchagua huacha kile atakachokihitaji kesho.

Umeme ukakatika tukiwa katikati. Kompyuta ya mkononi iliendelea kwa betri, lakini diski ya mzee ikanyamaza. Tulikula ebitoke gizani, tukizungumza mambo mengine kwa makusudi. Ulirudi saa nne usiku, tukaanza upya, na saa saba kasoro tulikuwa na nakala mbili, moja katika diski mpya na nyingine katika flashi, ambayo mama mdogo aliifunga katika pindo la kanga yake.

HAIKUWA BAHATI TU

Nisije nikampa mtu matumaini ya uongo. Diski ya mzee ilikuwa nzima, au karibu nzima. Ingalikuwa inagonga, kota, kota, kota, tungaliizima dakika ile ile. Ndani yake sahani huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Mlio wa kugonga ni dalili kwamba kichwa kimeumia, na kila dakika ya kuendelea ni kukwangua maandishi yenyewe. Usiifungue kisanduku, usiipige kofi, wala usiitie katika friji kama wengine wanavyoshauri. Hiyo ni ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa.

Diski inayosoma kwa kusitasita ina dawa yake. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo nzima, kisha ndipo huzirudia zilizo mbovu kidogo kidogo. Na kwa yule aliyekwisha kufutiwa vitu vyake, ipo PhotoRec ya Christophe Grenier, inayotafuta picha na nyaraka kwa kutambua umbo lake hata kama orodha imepotea. Sharti moja: usihifadhi unachokiokoa katika diski ile ile unayoiokoa, usije ukaandika juu ya kile unachokitafuta. Diski mpya zisizo na sahani zinazozunguka haziko hivyo. Nyingi hujisafisha zenyewe mara kitu kinapofutwa, na nafasi ya kukirudisha ni ndogo.

Huko duniani nako wamehangaika. Gene Roddenberry, Mmarekani aliyeanzisha filamu za televisheni za Star Trek, alifariki mwaka 1991 akiacha disketi zipatazo 200 zilizoandikwa kwa kompyuta mbili za kutengenezwa kwa oda. Moja ilikwisha kuuzwa mnadani, ya pili haikufanya kazi tena. Mafundi wa kampuni ya DriveSavers walitumia miezi mitatu kuandika programu ya kuzisoma tu, na mwaka 1996 ungekuwa umepita zamani: habari za kufanikiwa kwao zilitangazwa mwaka 2016. Sisi tulimaliza kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba mzee wangu alitumia vitu vya kawaida, kama watu wengine wote, na hilo ndilo lililotuokoa.

Jambo jingine ninaloliona nchini kote: mtu huchomeka flashi na kukuta folda zake zimegeuka kuwa vijialama vyenye mshale mdogo. Huyo ni kirusi. Mara nyingi vitu halisi vimo mle mle, vimefichwa tu. Usizifute, usiisafishe flashi. Ifungue kwa mfumo kama ule wa Ubuntu, utaviona.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie kwanza, kwa sauti, kwamba unataka nyaraka, si kompyuta. Afadhali uchukue diski nyumbani umwachie sanduku. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini siri ya nyumba hulindwa vizuri zaidi na mwenye nyumba aliyeketi kando ya meza.

Kulipopambazuka tulifungua hesabu. Si vyote vilivyokuwa salama. Picha kadhaa zilifunguka nusu, upande wa chini ukiwa kijivu kitupu. Mzee alikuwa pia akikusanya majina ya aina za migomba na maneno ya Kinyambo, kazi ambayo J. M. Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitolea msamiati mwaka 2002, naye mzee akiona ana yake ya kuongeza. Faili lile lilitoa ukurasa mmoja na nusu, kisha vimraba vitupu. Nimelihifadhi hivyo hivyo.

Lakini daftari la chama lilikuwa zima. Majina yote, mwezi kwa mwezi, hadi wiki mbili kabla ya kifo chake. Akiba ililingana na kitabu cha benki shilingi kwa shilingi. Kijana aliyasoma majina ya wadaiwa kwa sauti, mwenyekiti wa chama na wajumbe wawili wakiwa wameketi kwenye benchi barazani. Walikuwa wanne. Wa tatu katika orodha alikuwa mweka hazina mwenyewe: miezi miwili hajalipa, ile miezi aliyokuwa amelazwa, na mbele ya jina lake ameandika neno "anadaiwa", kama alivyowaandikia wengine.

Mwenyekiti alikohoa, akasema, "Mama, hilo tunalisamehe."

Mama mdogo hakumjibu. Aliinama, akafungua pindo la kanga yake, akaitoa kwanza ile flashi akaiweka mezani, kisha akaanza kuhesabu noti.